Mwalimu wa Watoto wa Harikoti

Lori la mboga halikuwa na desturi ya kusimama Kamalondo. Kila alasiri lilipita kwenye barabara kubwa likiwa na makasha yake, likienda kushusha mzigo kwenye kantini za kampuni ya shaba, na watu wa mtaa walilitambua kwa harufu ya majani mabichi iliyobaki nyuma yake. Siku ile ya Jumanne, katika mwezi wa kumi wa mwaka wa 1976, lilikata kona. Liliingia taratibu kwenye njia ya mafundi cherehani, likaruka dimbwi la mvua, likasimama mbele ya nyumba ya Mama Zabibu.

Feza, binti mdogo wa nyumba hiyo, alikuwa barazani na pasi ya makaa mkononi. Alikuwa akinyoosha blauzi ndogo nyeupe alizoshona kwa nguo ya magunia ya unga. Magunia aliyaloweka mara nyingi kwa sabuni, lakini herufi za kinu bado zilionekana kwa mbali mgongoni, kijani hafifu. Dada yake mkubwa, Mawazo, ndiye aliyeagiza blauzi hizo, na alitakiwa kuja kuzichukua jioni ile.

Dereva Stanislas alishuka, akavua kofia, akaisokota.

"Mama yako eko?"

"Eko mu nyumba. Juu ya nini?"

"Umuite. Hapana, usimuite kwanza. Papa Yuma eko karibu?"

Feza hakusikia tena habari za baba yake mdogo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamepanda juu ya lori. Kati ya makasha alikaa Kapya, mume wa Mawazo, amelowa kabisa, hana koti, amekumbatia kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Feza alidhani shemeji yake ana malaria na amepakia godoro.

"Shemeji, Mawazo eko wapi?"

Kapya alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. Kisha akasema, "Eko hapa," na akaweka kiganja juu ya turubai.

Stanislas alianza kueleza haraka haraka, akimtazama Feza miguuni. "Ni radi, mama. Ilimupiga ku shamba, saa nane. Hakusema hata neno. Na hii makasha, mutusamehe. Kapita wa shamba alikatala nitoke bila mzigo. Alisema harikoti zitaoza."

Feza alisikia kila neno na hakuna lililoingia. Aliiweka pasi chini, juu ya blauzi, na nguo ikaanza kuungua mbele ya macho yake pasipo yeye kuelewa ule moshi ni wa nini. Mama Zabibu alitoka ndani akiuliza nani anachoma kitambaa. Akaona lori. Akaona mikono ya mkwewe ilivyoshika turubai. Alikaa chini palepale mlangoni, miguu imenyooka mbele.

Wanaume wa mtaa walishusha makasha kwanza, maana bila hivyo maiti isingefikika. Wakayapanga kando ya mtaro, harikoti mbichi, yale maharage ya kijani, zikitoa umande, ndipo wakampokea Mawazo. Stanislas alingoja wamwingize ndani. Kisha, akiomba radhi kwa kila kasha, akayapakia tena na kuondoka.

*

Mawazo alikuwa na miaka thelathini na minne. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani aliyetoka Maniema kuja kuwashonea suti makarani wa mgodi. Alisoma shule ya msingi yote na miaka miwili ya sekondari, akiwa msichana pekee wa njia yao aliyekwenda shule akiwa amefunga kitambaa kichwani na kurudi akiimba majina ya mito kwa Kifaransa. Baba alipofariki aliachishwa masomo akaketishwa kwenye cherehani. Mashine haikumpenda. Mapindo yake yalikwenda kama njia ya nyoka, na wateja walizunguka nyuma ya nyumba kumpa Feza, aliyekuwa bado mtoto, arekebishe. Mawazo alijua na alicheka zaidi ya wote. Alikuwa na jino lililovunjika mbele, na alipocheka aliweka kiganja mdomoni. Sombe yake ya majani ya muhogo ilikuwa na pilipili hadi wageni wakaomba maji kabla ya kuonja.

Aliolewa na Kapya, mwenyeji wa huku, mtu mpole aliyesilimu ili amuoe na ambaye hakuwahi kukosa mfungo hata mmoja tangu hapo. Kapya alichimba mitaro kwa mkandarasi mmoja wa kampuni. Kazi hiyo haikumfanya kuwa mtu wa kampuni, kwa hiyo hakupata nyumba ya kambi wala posho. Mkandarasi alipofunga, Kapya akapata kazi ya kulinda pampu kwenye shamba kubwa la mboga, kwenye njia ya Kasenga. Mawazo akamfuata. Watoto hawakujaliwa. Walizika wawili wachanga, na baada ya hapo hakusema tena juu ya jambo hilo.

Huko shambani ndiko alikopata mshtuko wake wa kwanza. Alimsimulia Feza mara nyingi, na kila mara alianza vilevile: "Feza, ukisimama ku pampu unaona moshi ya kampuni. Unaiona kabisa. Na hapa chini muko mutoto wa miaka kumi, hajui kitabu kinafunguliwa upande gani."

Chini ya moshi ule watoto wa wafanyakazi wa kampuni walikuwa na shule zao, madawati yao na maziwa yao. Watoto wa shamba walikuwa na harikoti. Harikoti za kijani huchumwa alfajiri, kabla jua halijazikausha, na vidole vidogo huzichuma vizuri kuliko vikubwa. Kila mama alipewa mistari yake. Peke yake asingeweza kuimaliza, na asiyemaliza alinyang'anywa mistari, na pamoja na mistari chumba cha kambi. Kwa hiyo watoto wake waliingia shambani naye gizani na kutoka jua likiwa juu. Saa hizo ndizo za shule. Hakuna aliyewakataza watoto kusoma. Hakukuwa na haja.

Mwaka uliopita Mawazo alichukua watoto watano na kuwapeleka mjini kwa miguu, kwenye shule ya kwanza unayoikuta ukitoka upande ule. Wanafunzi wa mjini waliwazunguka, wakawanusa, wakaimba "batoto ya harikoti, batoto ya harikoti." Mwalimu wa zamu akatazama miguu isiyo na viatu, nguo zisizo sare, akatazama na urefu wao. Akauliza kama mama huyu anataka aweke wanaume pamoja na watoto wanaonyonya. Walirudi njia ileile. Binti wa mchumaji Mama Ngosa, anayeitwa Constance, alipofika kambini akaingia mstarini kuchuma, ingawa hapakuwa na kazi saa ile.

Mawazo akaanza darasa lake. Alipata mlango wa zamani, akaupaka weusi wa betri zilizokufa uliochanganywa na majani yaliyopondwa, na kwa chaki akatumia vipande vya muhogo mkavu. Alifundishia chini ya banda la makasha, baada ya kuchuma kwisha.

Kapita Mulenga, msimamizi wa wachumaji, alikuja kumtembelea siku ya tatu. Alisimama huku akitafuna ua la harikoti.

"Mama Mawazo, unafundisha batoto kuandika. Kesho nani atachuma? Harikoti itajiandika yenyewe mu kasha?"

"Asubui ni yako, kapita. Mi nilichukua alasiri."

"Wewe hauna mutoto. Unakopa ya wengine?"

"Ndiyo. Na wewe lete wako, nitamukopa."

Wanawake walicheka, na Mulenga naye akacheka, lakini wiki iliyofuata banda likajazwa magunia ya mbolea. Darasa likahamia nje, kwenye uwanja ulio nyuma ya mistari, ambako miti ilishakatwa na hakuna cha kuzuia chochote. Jua lilipozidi walikaa upande wenye kivuli cha ule mlango.

Hivyo walisoma mwaka mzima wa alasiri. Wakati wa kiangazi hapakuwa na shida. Lakini mvua za huku huanza mwezi wa kumi, nazo hupenda alasiri.

Wiki mbili kabla ya kifo chake Mawazo alikwenda tena mjini, safari hii kwa mkurugenzi mwenyewe wa shule ile, direkta kama wanavyomwita, akiwa na Constance na mvulana mmoja mrefu.

"Mama," direkta alisema, "huyu muvulana eko na ndevu."

"Hapana ndevu, direkta. Ni vumbi ya shamba. Tutamunawisha."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alimpa Constance kitabu cha darasa la pili, akakifungua katikati kusudi asije akawa amekariri mwanzo. Binti akasoma ukurasa wote, kidole kikifuata mstari. Direkta akavua miwani. Alisema hawezi kuwaweka watoto wakubwa darasa la kwanza, lakini watakaosoma kama huyu atawapokea darasa la tatu, masomo ya mchana, ili asubuhi mama zao wasije kumlilia. Waje na blauzi nyeupe. Waje Jumatano fulani, saa tano, Mawazo mwenyewe akiwa nao, kwa sababu yeye hawezi kuzungumza na kambi nzima. Alhamisi inspekta anakuja, idadi ya darasa inafungwa, na baada ya hapo ni hadi mwaka mwingine.

Mawazo aliwakusanya mama zao akawaambia mbele ya wote: "Jumatano hiyo mi mwenyewe nitabapeleka." Kisha akaenda Kamalondo kumwomba mdogo wake ashone.

Jumatano hiyo ndiyo ilikuwa kesho yake.

*

Kapya alisimulia jioni ile, ameketi kwenye mkeka kati ya wanaume, na Feza alisikiliza kutoka nyuma ya pazia. Wingu lilitoka upande wa Kasenga kwa ghafula. Mawazo aliwafukuza watoto wakimbilie nyumbani, akawahesabu kwa macho mpaka wa mwisho akapita pampu. Ule mlango wa kuandikia ulikuwa umejaa maneno ya somo la mwisho, alilotaka walirudie kesho asubuhi kabla ya kuondoka. Hakutaka yafutwe na mvua. Aliugeuza, akaubeba kichwani, upande ulioandikwa ukiwa chini, akaanza kuvuka uwanja. Kapya alikuwa akimtazama kutoka mlangoni mwa nyumba ya pampu. Alikuwa karibu kumwita autupe.

"Nilifungua mudomo," alisema. "Ile mwangaza ikaingia mbele ya sauti."

Mtu mmoja pembeni akanong'ona kwamba radi za namna hiyo zina mwenyewe aliyezituma, kwamba huyo kapita aangaliwe. Baba Yuma alimsikia. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yao na mwalimu wa msikiti wa mtaa, mtu mkavu, aliyependa kusema Kiswahili cha vitabu.

"Radi ina mwenyewe, ndiyo," alisema. "Na sisi sote tuna mwenyewe, huyohuyo. Katika nyumba hii mtu asiingize mwingine."

Wanawake walimwosha Mawazo. Feza alimwaga maji huku mama mmoja wa msikiti akiongoza, na alifanya kila alichoambiwa, polepole, kama anayejifunza kazi mpya. Aliifikia mikono. Chini ya kucha za mkono wa kulia mlikuwa na unga mweupe wa muhogo. Feza aliutoa kwa kijiti, kidole baada ya kidole. Ulipokwisha alitafuta mwingine. Akarudi kwenye kidole cha kwanza, mpaka mama yule akamshika mabega akamwambia aseme jina la Mungu, naye akalisema.

Baba Yuma aliamua maziko yawe asubuhi, saa nne. Feza akamwendea mama yake.

"Mama, kesho njo siku ya batoto. Alibaahidi."

Mama Zabibu hakugeuza uso. "Kesho tunazika mutoto wangu, Feza. Nisikutafute."

"Direkta atafunga kesho kutwa."

"Aache afunge. Bantu balifungiwa mangapi mu hii dunia?"

Feza alirudi barazani. Blauzi zilikuwa zimekunjwa na jirani, zikawekwa kikapuni, hata ile yenye alama ya pasi, kahawia, katikati ya kifua.

*

Wanawake wa shamba walifika asubuhi jua likipanda, wameloa umande hadi magotini, na watoto nyuma yao. Walibeba mikeka, sufuria na unga wa kusongea bukari, kwa sababu walikuja kulala. Kwao msiba ni siku nyingi. Maiti hulazwa ndani, watu humlilia usiku kucha, jamaa wa mbali hungojwa, na anayeondoka mapema huonekana hakumpenda aliyekufa. Walipoona sanda imekwisha kufungwa na jeneza limewekwa uani, walisimama wote langoni.

Mama Ngosa, aliyekuwa mbele, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba, alimshika Feza mkono. "Munamuzika leo leo? Hata hatujamulilia?"

"Njo sheria yetu, mama. Mufu hangojeshwi."

"Jana eko mu uwanja anafundisha. Leo eko mu udongo." Mama Ngosa alitikisa kichwa. "Haraka ya namna gani hii? Nani anamufukuza?"

"Na harikoti?" Feza aliuliza, kwa kuwa hakujua aseme nini. "Mulenga alibaachilia?"

"Mulenga alisema ule hataonekana ku mistari asubui, chumba chake kinapewa mwingine. Tulimuachia harikoti zake zote. Achume na meno."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja, na Feza akageuka upesi, kwa sababu ndivyo Mawazo alivyocheka.

Watoto waliketi kwenye ukuta. Walikuwa wamenawa. Kila mmoja alijua ni siku gani, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Constance alishika kipande cha muhogo mkavu, akikizungusha zungusha.

Saa nne wanaume walijipanga uani nyuma ya jeneza, wanawake wakabaki upande wa jikoni. Baba Yuma akageuka kuwaelekea watu, kama afanyavyo kila anapozika.

"Ndugu zangu, huyu ni Mawazo binti yetu. Mliokosana naye, tunakuombeni msamaha kwa ajili yake. Na kama yuko mtu yeyote anayemdai kitu, aseme sasa, ili jamaa tumlipie, asiende nacho kaburini."

Ni maneno ya kawaida. Watu wa Kamalondo wameyasikia mara nyingi hata hawayasikii tena. Panakuwa kimya kidogo, mtu anakohoa, sala inaanza. Kama kuna mwenye madai, huwafuata jamaa baadaye, pembeni, kwa adabu. Lakini Mama Ngosa alikuwa hajawahi kufika kwenye maziko ya Waislamu. Aliulizwa, akajibu.

Alisimama katikati ya wanawake walioketi.

"Sisi tunamudai."

Vichwa vyote viligeuka. Mtu alimvuta kitenge akae. Mama Zabibu, aliyekuwa hajainua uso tangu jana, aliuinua. Kudaiwa hadharani mbele ya jeneza, na mwanamke, tena mgeni.

"Mama," Baba Yuma alisema taratibu, "unamdai nini marehemu?"

"Leo." Mama Ngosa alinyoosha mkono kwenye ukuta walipoketi watoto. "Alisema Jumatano anapeleka hawa batoto ku masomo. Direkta anabangoja saa tano. Alisema mbele ya sisi bote. Mulituuliza kama kuko anayemudai. Tuko. Hatukukuja ju ya kumusumbua, papa. Tulikuwa tunanyamaza. Lakini mumeuliza."

Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema kwa ukali kwamba hilo si deni, hilo ni zungumzo la wanawake, na jua linapanda. Mwingine akasema shule itakuwepo na kesho. Constance akasema kutoka ukutani, si kwa sauti kubwa, "Kesho inspekta anafunga," kisha akaogopa kwamba amesema.

Baba Yuma aligeukia jeneza, akaweka kiganja juu yake. Watu walianza kunong'ona. Ndipo akasema, na sauti yake haikuwa ya kitabuni tena:

"Nimeuliza mwenyewe. Miaka yote nauliza, na mi mwenyewe sikungoja jibu. Leo imejibiwa. Siwezi kumuswalia na hii imening'inia shingoni mwake. Nani anaibeba?"

Kapya alisema, "Ni mimi, mume wake. Lakini mi naenda kumushusha mu kaburi."

"Basi mwingine."

Feza alikuwa amekwisha kusimama. Hakukumbuka kusimama. "Mimi, baba. Nitabapeleka."

"Feza," mama yake alisema. "Unaacha kilio ya dada yako? Bantu batasema nini?"

"Siachi, mama. Wanawake hatuendi makaburini. Ningekaa hapa. Niache nikakae kule."

Mama Zabibu alimtazama. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. "Hawana blauzi. Babavalishe kwanza. Mawazo angesema tunatembeza bachumaji."

Wakawavalisha hapo hapo jikoni, mikono mingi ikisaidiana kufunga vifungo, wakati wanaume wamesimama wakingoja. Jeneza lilingojeshwa, ambalo halingojeshwi. Baadhi ya wazee waliona vibaya na walilisema jambo hilo kwa miaka. Constance alichagua mwenyewe ile blauzi iliyoungua.

Kisha Baba Yuma akarudia: "Kuna mwingine anayemdai?" Hapakuwa na mwingine. Akaelekea kibla, akainua mikono, na sala ikasaliwa.

Yaliyotokea shuleni yanaweza kusemwa kwa ufupi. Mkurugenzi alimwona Feza mlangoni, akauliza yule mama mwingine yuko wapi, akajibiwa, akamsogezea kiti. Alimpa kila mtoto kitabu asome. Wengi aliwapokea darasa la tatu, masomo ya mchana. Yule mvulana mrefu alikataliwa, na mwenzake mmoja, kwa umri, na hakuna maneno yaliyosaidia. Mulenga naye aliwatoa mama wawili katika vyumba vyao kweli, Mama Ngosa akiwa wa kwanza, naye akahamia mtaa wa Hewa Bora kuuza makaa. Wako watoto waliorudi shambani kabla ya mwaka kwisha. Constance hakurudi. Yote hayo ni kazi ya Mungu na ya watu, na Mawazo hakuyaona.

Lakini kuagana kwenyewe kulikuwa hivi.

Wanaume waliinua jeneza begani, Kapya mbele upande wa kulia, wakatoka langoni kwa mwendo wa haraka kama ilivyo desturi, wakibadilishana kila hatua chache ili kila mmoja ambebe. Wanawake wa Kamalondo walibaki mlangoni. Feza alitoka na watoto, akafuata nyuma kwa mbali, kwa sababu hadi kona ya barabara kubwa njia ilikuwa moja. Mama Ngosa na wenzake walifuata wakiwa wamevua viatu.

Penye kona jeneza lilipaswa kwenda kushoto, makaburini, na watoto kulia. Feza akasimama. Hakuwaambia watoto wafanye nini. Constance alichuchumaa kando ya njia, akakunja viganja viwe kama bakuli, akaanza kuvipiga polepole, kama watu wa kwao wanavyomsalimu mkubwa wao. Wengine wakachuchumaa. Mama zao wakachuchumaa. Walipiga makofi hayo mazito, bila wimbo na bila kilio, na wabebaji hawakugeuka wala hawakusimama. Kofia nyeupe zilienda zikipungua mpaka zikafika penye maduka, na jeneza halikuonekana tena.

Feza alisema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. Kisha akawainua watoto, akawapangusa vumbi magotini, wakakata kulia.